Kutoka HR kwenda kubisha hodi: namna ya kuhamia kazi ya kuwafikia watu kwenye kampuni changa

Maswali ni yaleyale kila mara. Nisome kozi gani kwanza? Digrii yangu ya rasilimali watu itapotea bure? Niache kazi ndipo nitafute, au nitafute nikiwa kazini? Mshahara utashuka?

Majibu mafupi: huhitaji kozi, digrii haipotei, usiache kazi kwanza, na ndiyo, mshahara wa mwanzo mara nyingi hushuka. Majibu marefu yako kwenye hatua nane hapa chini. Zimeandikwa kwa afisa rasilimali watu wa Tanzania Bara anayetaka kuhamia kampuni changa (wengine wanaziita startapu) akafanye kazi ya kuwafuata watu: wenye maduka, mawakala, vikundi vya akiba, shule, zahanati, wakulima. Aliyeko Kenya naye atafaidika na sehemu kubwa. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na mfuko wake wa jamii, ZSSF, kwa hiyo ukiwa huko usibebe mambo ya hatua ya 7 kama yalivyo.

Kabla ya yote elewa tofauti moja. Ukiwa HR, wewe ni mwenye nyumba. Watu ndio wanaopiga hodi: anayetafuta kazi, anayeomba likizo, mwenye malalamiko. Kila aliyeingia mlangoni kwako ana shida na wewe unayo dawa. Kwenye kazi unayoitaka, mwenye kupiga hodi ni wewe, na aliye ndani hakukuita. Wengi wanaoshindwa kazi hii wanajua kuongea vizuri tu. Kinachowashinda ni kutoitikiwa hodi mara thelathini kwa wiki na bado Jumatatu waanze upya. Ndiyo maana hatua ya 3 ndiyo ndefu kuliko zote. Usiiruke.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mkataba wako wa sasa, mkononi, si kwa kumbukumbu. Soma vifungu vya notisi, usiri, kufanya kazi nyingine nje, na deni la mafunzo kama mwajiri alikulipia masomo.
- Orodha ya makato yako: mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, mkopo wa SACCOS, bodi ya mikopo (HESLB hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi).
- Akiba ya matumizi ya miezi minne, ikiwezekana sita. Hesabu matumizi halisi ya nyumbani, pamoja na ada na pesa unayotuma kwa wazazi.
- Jibu la swali la bima ya afya: inakatika tarehe gani, na nani anakutegemea kwenye hiyo kadi?
- Simu ya laini mbili. Laini moja iwe ya kazi tangu siku ya kwanza ya jaribio.
- Jedwali la Excel au Google Sheets. Hutahitaji programu ya kulipia kwa miezi mitatu ya mwanzo.
- Mtu mmoja anayefanya kazi hii sasa, atakayekubali kujibu simu yako mara moja kwa wiki. Usimtafute bosi wa kampuni. Tafuta anayetembea juani.

Hatua ya 1: Jua kazi yenyewe inaitwaje na inafanya nini

Matangazo hayatumii jina moja. Utakuta afisa ushirikiano, afisa uhamasishaji, mahusiano na wadau, ukuzaji wa biashara, msimamizi wa mawakala, mratibu wa jamii. Jina lisikuhangaishe. Kusanya matangazo 15, yapange, kisha pigia mstari vitenzi tu: kusajili, kufuatilia, kutembelea, kutoa mafunzo, kuripoti. Vitenzi vinavyojirudia ndivyo kazi.

Kuna tawi la pili ambalo watu wa HR hulisahau: vituo vya ubunifu na programu za kulea kampuni changa, kama Buni Hub ya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pale Kijitonyama. Huko unawafuata waanzilishi wenyewe ili waombe nafasi kwenye programu. Kazi hiyo iko karibu sana na kuajiri: unatangaza, unachuja maombi, unaita kwenye usaili. Mshahara mara nyingi unategemea ufadhili wa mradi, kwa hiyo uliza mradi unaisha lini. Mengine yote ya mwongozo huu yanahusu tawi la kwanza, la kwenda kwa wateja na mawakala.

Hatua ya 2: Tafsiri kazi zako za HR kuwa namba

Chukua daftari, andika miaka yako miwili ya mwisho kazini, kisha igawe mafungu mawili.

Fungu la vinavyohama:
- Kuajiri. Hiki ndicho mtaji wako mkubwa. Ulitafuta watu, ukawachuja, ukawafuatilia wasipotee njiani, ukawafikisha kwenye sahihi. Andika hivi: maombi 180, usaili 24, walioajiriwa 6, siku 31 tangu tangazo hadi kuripoti. (Namba hizi ni mfano, weka zako.)
- Kumpokea mfanyakazi mpya na kumfundisha. Kusajili wakala ni jambo lilelile: nyaraka, mafunzo, kumwangalia wiki ya kwanza.
- Kusikiliza malalamiko bila kupandisha sauti. Umekaa na mtu mwenye hasira, labda mpaka CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi). Mwenye duka aliyecheleweshewa mzigo hatakutisha.
- Kuandika kumbukumbu. Wauzaji wengi wazuri hawaandiki. Wewe unaandika.

Fungu la visivyohama: orodha ya mishahara, likizo, mafaili, vikao vya nidhamu, sera. Usivifute maishani mwako, ila usiviweke juu kwenye CV. Meneja akiona vimetangulia atakuona mtu wa ofisini.

Kosa la kawaida: kuandika "nina uwezo mkubwa wa mawasiliano". Kila mwombaji kaandika hivyo, na wewe mwenyewe umeisoma sentensi hiyo mara mia ukiwa upande wa pili wa meza.

Hatua ya 3: Fanya jaribio la siku 30 ukiwa bado kazini

Lengo ni watu 60, huduma moja, eneo moja. Mwisho wa siku 30 utakuwa na mambo mawili: ushahidi wa kuonyesha, na jibu la kweli kama kazi hii unaiweza.

*Tafuta huduma.* Nenda kwa kampuni changa ndogo, useme: nipeni siku 30 niwatafutie wateja kwenye eneo hili, mtanilipa kwa kila atakayesajiliwa au msinilipe. Ikikataa, chukua biashara ya mtu unayemjua: kinyozi, mwenye karakana, dada anayeuza vitafunwa maofisini. Hakikisha haishindani na mwajiri wako. Kama mkataba wako unakataza kazi nyingine bila kibali, omba kibali kwa maandishi au fanya bila malipo, nje ya saa za kazi, na kwa vifaa vyako.

*Tengeneza orodha.* Wiki ya kwanza yote ni ya orodha. Safu ni hizi: jina la biashara, jina la mtu, cheo, simu, mtaa, namba imepatikana wapi, tarehe za mawasiliano manne, alichosema, hatua inayofuata na tarehe yake. Safu ya mwisho ndiyo roho ya jedwali. Mstari usio na tarehe ijayo umekufa.

Namba zichukue kwenye mabango ya maduka, vipeperushi, kurasa za biashara mtandaoni, mabanda ya Sabasaba na Nanenane, na kwa watu watakaokuelekeza kwa wenzao.

Onyo. Usiguse namba za waombaji kazi au wafanyakazi ulizonazo kwa sababu ya kazi ya HR. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Kenya wanayo yao ya mwaka 2019. Taarifa iliyokusanywa kwa ajili ya ajira haigeuzwi kuwa orodha ya wateja. Mwajiri akigundua, utaondoka kwa nidhamu kabla hujaondoka kwa hiari. Na mtu akikuambia usimtafute tena, andika "aachwe" kwenye mstari wake na umwache kweli. Ni haki yake kisheria.

*Piga hodi.* Ujumbe wa kwanza uwe na mambo matano: salamu, wewe ni nani, namba umeitoa wapi, huduma kwa sentensi moja, ombi moja lenye siku na saa. Mfano:

"Habari za asubuhi, mama. Naitwa ___ wa ___. Namba yako nimeitoa kwenye bango la duka lako hapa Mbagala Rangi Tatu. Tunapokea oda za bidhaa kwa simu na kuleta mzigo dukani. Naomba dakika kumi Jumatano saa tisa mchana nije nikuonyeshe. Kama siku hiyo haifai, niambie ipi inafaa. Asante."

Usiweke picha, usiweke kiungo, usiweke bei. Hivyo vinakuja akishajibu. Na usimwite "mpendwa mteja" mtu ambaye bado si mteja wako.

Asipojibu, rudi siku ya 3 kwa simu, siku ya 7 kwa ujumbe mfupi, siku ya 14 kwa miguu kama yuko karibu. Baada ya mara nne, acha. Ya tano inakuwa usumbufu.

*Chagua saa.* Mwenye duka la rejareja anapatikana vizuri kati ya saa nne na saa sita asubuhi, wateja wa chai wakishapungua. Mama lishe usimpigie kabla ya saa tisa alasiri. Mwalimu mkuu anapokea muda wa mapumziko au baada ya vipindi. Ijumaa mchana waache watu waende msikitini. Mwezi wa Ramadhani, alasiri karibu na futari si saa ya kueleza huduma mpya kwa mtu yeyote. Siku ya gulio au mnada, mfanyabiashara hana dakika kumi, ana dakika moja. Siku hiyo nenda ukanunue kitu na uchukue namba tu.

Kwa kuwa uko kazini, simu zipige muda wa chakula cha mchana na Jumamosi. Ziara zifanye kwa siku tano za likizo yako ya mwaka. Sheria inakupa siku 28, na hii ni njia nzuri ya kutumia tano kati yake.

*Pima.* Mwisho wa siku 30 hesabu: wangapi umewafikia, wangapi mmezungumza uso kwa uso, wangapi wamekubali, wangapi wametumia huduma mara ya pili. Kisha jiulize: siku ya 20, baada ya kukataliwa na watu kumi mfululizo, ulinyanyua simu kumpigia wa kumi na moja? Kama ulianza kupanga upya rangi za jedwali ili usipige, kazi hii itakutesa. Kulijua hilo ukiwa bado una mshahara ni bahati.

Hatua ya 4: CV ya ukurasa mmoja na karatasi ya jaribio

CV ya kampuni changa haihitaji kurasa nne, wadhamini watatu na hali ya ndoa. Juu kabisa weka mistari mitatu: umefanya nini, kwa kiasi gani, unataka nini. Chini yake weka jaribio lako la siku 30, kisha kuajiri, kisha mengine kwa ufupi.

Karatasi ya pili iwe ripoti ya jaribio: eneo, watu 60, matokeo, pingamizi tatu ulizosikia zaidi, na nini ungebadilisha. Ikiwa matokeo ni madogo, yaandike hivyohivyo. Mwanzilishi wa kampuni anajua kazi ilivyo ngumu. Anayekuja na watu wanne waliokubali na maelezo ya kwa nini 56 hawakukubali anaaminika kuliko anayedai wote walifurahi.

Barua tuma kwa mtu, usiitume kwa "Yeyote Anayehusika". Tafuta nani anaongoza timu ya nje na umwandikie kama ulivyoandikia wenye maduka: salamu, wewe ni nani, ombi moja, siku na saa. Namna unavyomwendea ndiyo usaili wa kwanza.

Hatua ya 5: Ihoji kampuni kabla haijakuhoji

Ukiwa HR ulizoea kuuliza maswali, sasa yaulize kwa faida yako. Kampuni changa inaweza kuwa na ofisi nzuri na isiwe na mshahara wa miezi mitatu ijayo. Kenya, Sendy (ya usafirishaji wa mizigo) iliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi mwaka 2023 na Copia (ya kuuza bidhaa kupitia mawakala) mwaka 2024, na zote mbili zilikuwa zimepata mitaji mikubwa na majina makubwa.

Uliza haya manne:
1. Fedha iliyopo inatosha miezi mingapi? Kama benki ina milioni 180, matumizi ni milioni 24 kwa mwezi na mapato ni milioni 4, pengo ni milioni 20, yaani miezi 9. Chini ya miezi 6, usiache kazi ya kudumu kwa ajili yao.
2. Mara ya mwisho mshahara kuchelewa ilikuwa lini? Uliza pia mfanyakazi mmoja, nje ya ofisi.
3. Michango ya NSSF inapelekwa kila mwezi? Kukatwa ni jambo moja, kufika ni jambo lingine.
4. Aliyekuwa kwenye nafasi hii yuko wapi? Kama watatu wamepita kwa mwaka, tatizo huenda ni tageti au huduma yenyewe.

Anayekasirishwa na maswali haya amekupa jibu.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya malipo, usisikilize jumla

Hapa ndipo wengi wanaumia. Utaambiwa "unaweza kufikisha milioni na nusu". Neno la kuangalia ni *unaweza*.

Tuseme sasa unalipwa msingi wa 1,400,000. Wanakupa msingi wa 900,000, pamoja na 5,000 kwa kila duka linalotumia huduma, na 150,000 ya nauli. Nauli iondoe kwenye hesabu, utaimaliza barabarani. Pengo ni 500,000, sawa na maduka 100 yanayotumia huduma kila mwezi. Ukitembelea maduka 12 kwa siku, siku 22, na moja kati ya manne likajisajili, unapata maduka 66. Nusu yakitumia huduma kweli, ni 33. Komisheni ni 165,000, kipato ni 1,065,000. Bado hujafika ulipotoka. Inaweza kukufaa, ila ifanyie hesabu kabla ya kusaini.

Omba mambo matatu, kwa maandishi: tageti ya miezi mitatu ya mwanzo ipande taratibu (kwa mfano theluthi, theluthi mbili, kisha yote), neno "anayetumia" liwe na maana moja iliyoandikwa, na nauli, vocha na bando visikatwe kwenye komisheni.

Angalia pia unaingia kama nani. Kampuni nyingi ndogo hupenda kukuita mshauri badala ya mwajiriwa. Mshauri hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, halafu michango ya NSSF, likizo na kodi iliyobaki unabeba mwenyewe. Ukipangiwa saa za kuripoti, bosi na eneo, wewe ni mwajiriwa, na hilo unalijua kuliko wao. Kuhusu hisa za ahadi: zipokee kwa shukrani, kwenye bajeti ya nyumbani ziandike sifuri.

Hatua ya 7: Ondoka vizuri

Usiandike barua mpaka mkataba mpya uwe umesainiwa na pande zote mbili. Ujumbe wa WhatsApp wenye "karibu sana kwenye familia" si mkataba.

- Notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya Tanzania Bara inataka siku 28 zisizopungua, na ya Kenya vilevile. Mkataba wako ukisema zaidi, fuata mkataba. Ukiondoka bila kuitumikia, mwajiri anaweza kukata thamani yake kwenye stahiki zako.
- Stahiki zako. Mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuchukua, na cheti cha utumishi. Hiki cheti wengi hukisahau, hata maafisa HR wenyewe.
- Usichokipata. Kiinua mgongo cha kisheria cha siku saba kwa kila mwaka kimewekwa kwa anayeachishwa na mwajiri. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo halimhusu aliyejiuzulu mwenyewe. Usiviweke kwenye bajeti.
- Mkopo. Nenda benki kabla mshahara haujakatika, uombe kupanga upya marejesho. Ukingoja wakupigie, masharti yatakuwa yao. HESLB nao wajulishe kwamba umehamia kwa mwajiri mpya. Kampuni ndogo husahau kukata, na deni hukusubiri wewe.
- Makabidhiano. Andika orodha ya mafaili, nywila, kesi zinazoendelea na tarehe zake. Futa taarifa za wafanyakazi kwenye simu yako binafsi, pamoja na makundi ya WhatsApp ya usaili.

Barua yenyewe ni ya mistari mitano: tarehe, kusudio la kuacha kazi, siku ya mwisho, ahadi ya makabidhiano, shukrani. Sababu si lazima. Na usiigeuze kuwa risala.

Hatua ya 8: Siku 90 za kwanza

*Wiki ya 1 na 2:* tumia huduma kama mteja. Sajili duka la ndugu yako, agiza, lipa, kosea makusudi uone kinachotokea. Kaa na wanaopokea simu za malalamiko angalau siku mbili. Andika maswali kumi yanayojirudia pamoja na majibu yake, kwa Kiswahili cha mtaani. Lugha ya brosha iache ofisini.

*Wiki ya 3 na 4:* chukua eneo lako. Panga ziara kwa ukanda: Jumatatu Mbagala, Jumanne Temeke, Jumatano Gongo la Mboto. Anayeanza Mbezi asubuhi na kumaliza Kigamboni jioni amefanya ziara tatu na kula nauli ya siku mbili.

*Itifaki.* Hili halifundishwi, na ukilikosea unafungiwa mtaa mzima. Ukiingia kijijini au mtaani kufanya mkutano, anza kwa mtendaji na mwenyekiti, ukiwa na barua ya utambulisho ya kampuni yenye mhuri. Sokoni, mwenyekiti wa soko. Kijiweni kwa bodaboda, mwenyekiti wa kijiwe. Ukianza na dereva mmoja mmoja watakuona tapeli. Shule ya serikali, usiende na vipeperushi kwa mwalimu mkuu moja kwa moja. Anahitaji kibali kutoka halmashauri, na kumlazimisha ni kumtia matatani. AMCOS (ushirika wa wakulima), kutana na katibu kwanza, na usiende katikati ya msimu wa kupima mazao. Vijijini, masika ya Machi hadi Mei hubadilisha ratiba yote, kwa sababu barabara haipitiki na watu wako shambani.

Salamu usiziruke. "Shikamoo" kwa mzee, habari za nyumbani, za biashara, kisha nyamaza kidogo. Atakuuliza mwenyewe, "Enhe, nikusaidie nini?" Hapo ndipo hodi imeitikiwa.

*Mwezi wa 2 na 3:* kila Ijumaa tuma ripoti ya ukurasa mmoja hata kama hakuna aliyeiomba. Namba nne: waliofikiwa, waliozungumza, waliojisajili, wanaotumia baada ya siku 30. Chini yake, pingamizi tatu za wiki kwa maneno ya wateja wenyewe. Mtengeneza programu atakayesoma "mama amesema herufi ni ndogo, miwani yake iko nyumbani" atafanya kazi na sentensi hiyo. Akisoma "changamoto za matumizi" hatafanya lolote.

Mambo yakikwama

*Hakuna anayejibu ujumbe.* Angalia kwanza kama unatuma kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp. Orodha hiyo huchukua watu 256, na ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Watu wapya hawajaihifadhi. Tuma mmoja mmoja, polepole. Namba mpya inayotuma ujumbe uleule kwa mamia kwa siku moja hufungiwa.

*Barua pepe zinaangukia kwenye taka.* Mwombe fundi wa kampuni athibitishe kwamba SPF, DKIM na DMARC (mipangilio inayoonyesha barua imetoka kwenu kweli) vimewekwa kwenye anwani ya kampuni. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti, hasa kwa wanaotuma barua 5,000 na zaidi kwa siku. Baada ya hapo punguza viungo na viambatisho kwenye barua ya kwanza.

*Wanakubali uso kwa uso, hawajisajili.* "Sawa, nitaangalia" mara nyingi ni hapana ya kistaarabu. Uliza papo hapo: "Tujaze sasa hivi au kuna jambo halijakaa sawa?" Akitaja jambo, una kazi ya kufanya. Akisema atamuuliza mume, mke au mshirika, basi ulikuwa unaongea na asiyeamua. Omba siku ya kukutana na wote wawili.

*Wanajisajili, hawatumii.* Karibu kila mara umemwacha bila kufanya muamala wa kwanza mbele yako. Usiondoke dukani mpaka ameagiza kitu kimoja kwa mkono wake, hata katoni moja ya sabuni. Kisha piga simu siku ya 2 na siku ya 7.

*Tageti imepanda ghafla katikati ya mwezi.* Jibu kwa namba za ripoti zako za Ijumaa: ziara ngapi, kiwango gani cha kukubali, saa ngapi barabarani. Bila ripoti, unabaki na malalamiko matupu.

*Mshahara umechelewa.* Wiki moja, uliza. Mwezi mmoja, andika barua pepe kwa adabu ukitaja kiasi na tarehe, na uanze kutafuta kwingine. Usitumie pesa yako kwa nauli za kampuni kwa ahadi ya kurudishiwa.

*Wamegundua ulikuwa HR.* Hili litatokea, pengine mwezi wa pili. Mwanzilishi atakuja na kikombe cha chai: "Hebu tusaidie tu kuandaa mikataba ya hawa vijana." Ukifanya mara moja, utaombwa likizo, kisha michango ya NSSF, kisha usuluhishi wa waliogombana, na tageti yako itabaki palepale. Saidia kwa kumwelekeza mtaalamu wa kulipwa kwa siku, au kubali kwa maandishi kwamba siku moja ya wiki ni ya HR na tageti ipungue kwa sehemu moja ya tano. Na hiyo siku moja uichague wewe. Ijumaa inafaa, maduka mengi siku hiyo hayana muda na wewe.